Mkutano wa kijiji usiposomewa mapato, mkulima ndiye anayelipa

MKULIMA wa mahindi akiulizwa ni kiongozi gani wa serikali anayegusa mfuko wake zaidi, mara nyingi humtaja mbunge au Waziri wa Kilimo. Lakini ukifuata safari ya gunia lake kutoka shambani hadi gulioni, viongozi anaokutana nao njiani ni wengine kabisa: mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti wa kijiji na ofisa mtendaji wa kijiji.

Shamba analolima amegawiwa na halmashauri ya kijiji. Barua ya utambulisho anayoipeleka SACCOS kuomba mkopo wa pembejeo imepigwa muhuri na mwenyekiti. Mchango wa ujenzi wa darasa ameulipa kwa mtendaji, na faini ya ng'ombe wake walioingia katika shamba la jirani ameilipa kwa mtendaji huyo huyo. Hata eneo ambalo mkewe amejenga kibanda cha kuuzia sabuni na chumvi lilitolewa katika kikao cha wajumbe wa kijiji.

Kwa hiyo kiongozi wa kijiji akiwa mwadilifu, mkulima huiona faida mwaka uleule. Asipokuwa mwadilifu, hasara nayo haichelewi. Eneo la malisho huuzwa kimyakimya, mchango hulipwa mara mbili, na mfanyabiashara mdogo hujikuta akitoa fedha ya muhuri ambayo hakuna sheria iliyoiweka.

Fedha za vijijini huonekana ndogo zikilinganishwa na mabilioni yanayotajwa katika ripoti za ukaguzi wa wizara. Ni laki mbili za mauzo ya mchanga, laki tano za kukodisha eneo la mnara wa simu, elfu tano tano za mchango wa kaya. Kwa familia inayouza debe la mahindi ili mtoto apate sare ya shule, hizo si fedha ndogo. Na kwa sababu huonekana ndogo, ni nadra mkaguzi kutoka mbali kuzifuata. Anayeweza kuzifuata ni mwenye nazo, yaani mwanakijiji mwenyewe.

Tanzania Bara ina zaidi ya vijiji 12,000, na viongozi wake walichaguliwa Novemba 2024 kwa kipindi cha miaka mitano. Swali linalowahusu wakulima na wafanyabiashara wadogo ni nani anawasimamia viongozi hao kati ya uchaguzi mmoja na mwingine.

Sheria inasema nini

Halmashauri za vijiji si jambo geni nchini. Serikali za mitaa zilipofutwa mwaka 1972, vijiji viliendelea kujengwa, na sheria ya mwaka 1975 ya kuandikisha vijiji ikavipa halmashauri zake. Serikali za mitaa ziliporejeshwa, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 ndiyo iliyoweka muundo ambao, pamoja na marekebisho yake, unatumika mpaka sasa.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, halmashauri ya kijiji huwa na wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Ndani yake yumo mwenyekiti wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji vyote na wajumbe wengine wa kuchaguliwa. Wanawake hawatakiwi kupungua robo ya wajumbe.

Kazi hugawanywa katika kamati tatu za kudumu. Ipo ya fedha, uchumi na mipango, ipo ya huduma za jamii na shughuli za kujitegemea, na ya tatu ni ya ulinzi na usalama. Ofisa mtendaji yeye hachaguliwi. Ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya, naye ndiye katibu wa vikao na mtunza kumbukumbu.

Hata hivyo, juu ya wote hao upo mkutano mkuu wa kijiji. Huu ni mkutano wa wakazi wote wa kijiji waliotimiza umri wa miaka 18. Sheria inautambua kuwa mamlaka ya juu kabisa katika mambo ya sera za kijiji. Ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, na ndio wenye uwezo wa kumwondoa mjumbe mmoja au wote.

Mkutano huo unatakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Mbele yake halmashauri ya kijiji hutakiwa kueleza ilichofanya, fedha zilizoingia, zilizotoka na zilizobaki.

Kwa lugha ya kawaida, kijijini mwajiri ni mkutano mkuu. Mwenyekiti ni mtu aliyetumwa, na aliyetumwa hurudi kwa aliyemtuma kueleza safari ilikuwaje.

Mkutano usioitishwa

Tatizo ni kwamba katika vijiji vingi mkutano huo ama hauitishwi, ama huitishwa kwa namna ambayo haumsaidii mtu.

Dalili zake zinajulikana. Miezi sita hupita, kisha tangazo hubandikwa jana yake jioni. Siku inayochaguliwa ni ya gulio, wakati kila mwenye kuku na kila mwenye gunia yupo sokoni. Ajenda ya mapato na matumizi huwekwa mwisho, baada ya hotuba ya mgeni kutoka kata au wilayani, jua likiwa limeshazama na akina mama wameshaondoka kwenda kupika.

Ikifika zamu yake, husomwa jumla tu. Wananchi huambiwa kijiji kimekusanya kiasi fulani, kimetumia kiasi fulani, na salio ni kiasi fulani. Hawaelezwi fedha zilitoka wapi, zilinunua nini, nani aliuza na kwa stakabadhi ipi. Anayeinua mkono huulizwa kama yeye ni wa chama gani.

Hapo ndipo maadili ya uongozi mdogo huanza kuharibika, na mara nyingi hayaanzi kwa wizi mkubwa. Huanza kwa mtendaji kukusanya mchango bila kuandika stakabadhi kwa sababu kitabu kimekwisha. Kisha fedha hukaa mfukoni badala ya benki kwa sababu mji upo mbali. Baadaye mtoto huugua, fedha hiyo husaidia, na kwa kuwa hakuna anayeuliza hairudishwi.

Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu serikali za mitaa zimekuwa zikitaja mara kwa mara vitabu vya stakabadhi za mapato ambavyo havikuwasilishwa kwa wakaguzi. Kitabu kimoja kisichoonekana kinaweza kuwa kimekusanya fedha za msimu mzima, na bila kitabu hicho hakuna anayejua ni kiasi gani.

Wafanyabiashara wadogo wanalijua eneo lingine la hatari, nalo ni pale kiongozi anapokuwa pande zote mbili za meza. Inaweza kutokea mjumbe wa kamati ya fedha akawa ndiye mnunuzi mkubwa wa ufuta kijijini. Inaweza kutokea mwenyekiti akaongoza kikao kinachogawa vibanda vya soko, na ndugu zake watatu wakawa miongoni mwa waombaji.

Kuwa mfanyabiashara au kuwa na ndugu si kosa. Kosa ni kukaa kikaoni na kuamua jambo lenye maslahi yako. Kanuni ya uadilifu hapa ni nyepesi: mjumbe mwenye maslahi aseme mapema, atoke nje, na jambo hilo liandikwe katika muhtasari wa kikao.

Getini: nani anadai nini

Eneo ambalo wakulima hulalamikia zaidi ni ushuru. Hapa ni muhimu kutenganisha fedha za kijiji na fedha za halmashauri ya wilaya, kwa sababu mkanganyiko huo ndio hutumiwa na wasio waaminifu.

Ushuru wa mazao ni chanzo cha halmashauri ya wilaya, hata kama anayeukusanya getini ni mtendaji wa kijiji, mgambo au wakala. Kwa kawaida unapaswa kulipwa na mnunuzi, ingawa wanunuzi wengi huurudisha kwa mkulima kwa kushusha bei.

Kwa miaka mingi kiwango chake kilikuwa hadi asilimia 5 ya bei ya shambani. Katika hotuba ya bajeti ya Juni 2017, Serikali ilitangaza kukishusha hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Ilitangaza pia kwamba anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe.

Tani moja ni magunia kumi ya kilo mia. Mkulima mwenye magunia manane anayesimamishwa getini ana haki ya kuuliza, kwa adabu, anatozwa kwa sheria ndogo ipi na kwa nini. Akilipa, apewe stakabadhi. Zamani ilikuwa ya kitabu cha HW5. Siku hizi halmashauri nyingi hutumia mashine za kielektroniki ambazo wengi huziita POS, na karatasi inayotoka humo ndiyo ushahidi wake. Malipo yasiyo na stakabadhi hayajaingia serikalini.

Faini na ada za kijiji nazo zina utaratibu wake. Kijiji kinaweza kujitungia sheria ndogo, kwa mfano kuhusu mifugo kuingia mashambani au kukata miti ovyo. Lakini sheria ndogo hiyo hupitia kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Faini iliyobuniwa mezani na mtu mmoja, bila sheria ndogo iliyoidhinishwa, ni mali ya aliyeibuni.

Wazee wanakumbuka enzi za kodi ya maendeleo, iliyojulikana zaidi kama kodi ya kichwa, wakati mgambo walipokuwa wakiwafukuza watu mpaka mashambani. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003 pamoja na kodi nyingine zilizoitwa za kero.

Kufutwa huko kulimwondolea mkulima usumbufu, lakini kuliviacha vijiji bila fedha za uhakika. Halmashauri za wilaya zimekuwa zikitakiwa kurejesha vijijini sehemu ya mapato, ambayo watu wameizoea kwa jina la asilimia 20. Wakaguzi nao wamekuwa wakitaja halmashauri ambazo hazikuirejesha. Hivyo uwajibikaji una ngazi mbili. Kijiji kinapaswa kuwaeleza wakazi wake kilichopokea, na wilaya inapaswa kukieleza kijiji ilichokipelekea. Mkutano mkuu unaweza kuyauliza yote mawili.

Funzo la Kilwa

Wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi, inaonyesha vizuri tofauti ya kijiji kinachojua hesabu zake na kile kisichozijua, kwa sababu mambo mawili tofauti yalitokea huko katika miaka ileile ya 2000.

La kwanza ni ardhi. Bei ya mafuta ilipopanda duniani, kampuni za kigeni zilikuja kutafuta maeneo ya kulima mibono kwa ajili ya nishati. Huko Kilwa kampuni moja ilipata zaidi ya hekta 30,000 kutoka katika vijiji vinne.

Kwa kuwa mwekezaji wa kigeni hawezi kumiliki ardhi ya kijiji, ardhi ya namna hiyo huhamishwa kwanza na kuwa ardhi ya jumla. Ikishahamishwa haiko tena chini ya kijiji. Watafiti waliofuatilia suala hilo walieleza kwamba sehemu kubwa ya fedha za fidia ilibaki kwa halmashauri ya wilaya, na vijiji vikapata asilimia 40.

Mradi ulikwama kabla ya muongo kwisha. Wilayani Kisarawe, mkoani Pwani, mradi mwingine wa mibono uliochukua zaidi ya hekta 8,000 za vijiji 11 ulisimama mwaka 2011. Vibarua walikosa kazi, na ardhi haikurudi vijijini.

Sheria haikuwa kimya kuhusu hilo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji husimamia ardhi kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji, na hairuhusiwi kugawa ardhi bila kibali cha mkutano mkuu. Kwa uhamisho wa eneo lisilozidi hekta 250, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo uamuzi ni wa waziri, lakini mkutano mkuu hutoa maoni kwanza.

Kilichokosekana katika maeneo mengi yaliyopata wawekezaji wa aina hiyo ni wananchi kuelewa walichokuwa wakikikubali. Waliahidiwa ajira, visima na zahanati, lakini ahadi hizo mara nyingi hazikuandikwa katika mkataba. Wengi hawakujua kwamba baada ya uhamisho ardhi isingerudi kwao hata kama mradi ungekufa. Kunyoosha mkono hakumsaidii mtu asiyejua anachokinyooshea.

Jambo la pili ni msitu. Katika wilaya hiyohiyo, chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, baadhi ya vijiji vilitenga misitu yao ya hifadhi, vikaweka mipango ya uvunaji na kuunda kamati za maliasili. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha FSC kinachothibitisha kwamba miti huvunwa kwa utaratibu. Vijiji vikaanza kuuza mpingo na mbao nyingine na kubaki na mapato ambayo zamani yalikwenda kwingine.

Ili kufika hapo, vijiji vililazimika kujifunza kitu ambacho hakihusiani na miti, nacho ni kutunza daftari. Cheti cha namna hiyo kinadai kumbukumbu: ni mti gani umekatwa, una ukubwa gani, umeuzwa kwa nani na kwa bei gani. Kumbukumbu hizo zikiwepo, mkutano mkuu unakuwa na kitu cha kukagua. Mwanakijiji anaweza kuuliza magogo yaliyotoka ni mangapi, na akalinganisha jibu na fedha zilizoingia.

Fedha nyingi zikiingia kijijini vishawishi navyo huongezeka, na msitu peke yake hautibu tamaa ya mtu. Lakini tofauti ya mambo hayo mawili inaonekana. Katika ardhi ya mibono wananchi walibaki kusubiri kuambiwa. Katika msitu, utaratibu wenyewe uliwapa namba za kuulizia.

Kununua shamba bila muhtasari

Anayedhani kwamba mambo haya ni ya wanasiasa peke yao awaangalie watu waliopoteza fedha kwa kununua mashamba vijijini.

Mfanyabiashara wa mjini anapata akiba na kutaka ekari ishirini za kupanda miti au mananasi. Anapelekwa kwa mwenyekiti, wanazunguka shamba, fedha inahesabiwa na karatasi inapigwa muhuri. Mara nyingi hudaiwa pia asilimia 10 ya bei kuwa ni ya kijiji, bila stakabadhi na bila kuelezwa imewekwa na sheria ipi.

Miaka mitatu baadaye miti ikiwa imeota, kunakuwa na mwenyekiti mpya, wananchi wanasema eneo lile ni la malisho, na kesi inakwenda baraza la ardhi. Hapo mnunuzi huulizwa muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji kilichoridhia mauzo. Hana. Ana karatasi yenye muhuri na saini ya mtu mmoja.

Mahakama ya Rufani imekwisha kusema zaidi ya mara moja kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yasiyo na kibali cha halmashauri ya kijiji hayana nguvu kisheria. Mwenyekiti hana mamlaka ya kuuza peke yake, na wala mtendaji hana. Muhuri ni alama tu kwamba kikao kilifanyika. Kama kikao hakikufanyika, muhuri haukiumbi.

Uadilifu wa kijiji, kwa hiyo, ni sehemu ya mtaji. Kijiji chenye vikao vya kweli na mihtasari inayosomeka kinaweza kutoa hati za hakimiliki ya kimila zisizo na migogoro. Wilaya ya Mbozi ndiyo iliyotangulia katika majaribio ya hati hizo, na baadaye wilaya nyingine zikafuata. Mkulima mwenye hati iliyotolewa kwa utaratibu anaweza kuzungumza na mkopeshaji. Yule ambaye kijiji chake kimegawa shamba moja kwa watu wawili hana cha kuweka mezani.

Kiongozi asiye na mshahara

Ni haki pia kuwasikiliza viongozi wenyewe. Mwenyekiti wa kijiji si mwajiriwa wala hana mshahara. Anategemea posho, ambayo hutegemea uwezo na utashi wa halmashauri ya wilaya, na mara nyingi haifiki. Huamshwa usiku kusuluhisha ugomvi, huitwa wilayani kwa mkutano na kujilipia nauli, na msimu wa kilimo ukifika shamba lake hubaki na majani.

Mtendaji naye anaweza kuhudumia kijiji chenye vitongoji vilivyo mbali, bila pikipiki na wakati mwingine bila ofisi. Karatasi na kalamu hununua mwenyewe. Katika hali hiyo, fedha ya muhuri huonekana kwa wengine kama fidia ya jasho.

Lakini hapo ndipo wananchi wanapaswa kuwa waangalifu. Kiongozi asipolipwa waziwazi, hujilipa kwa siri, na malipo ya siri ndiyo ghali zaidi kwa sababu hayana kiwango. Kijiji kinachoona mwenyekiti wake anastahili nauli au posho ya kikao kinaweza kulijadili jambo hilo katika mkutano mkuu, kikakubaliana kiasi, kikaandika na kulipa kwa stakabadhi. Elfu kumi iliyokubaliwa na watu ni nafuu kuliko ekari mbili zilizotoweka.

Aidha, uwazi humlinda kiongozi mwaminifu. Mtendaji mwenye stakabadhi za kila shilingi hana sababu ya kuogopa uvumi wa kilabuni. Asiye nazo atashukiwa hata kama hakula kitu.

Mambo ya kuuliza

Mkulima au mfanyabiashara mdogo hahitaji kuwa mwanasheria ili kusimamia kijiji chake. Yapo mambo machache ambayo, yakiulizwa kila baada ya miezi mitatu bila kuchoka, hubadili mwenendo wa uongozi.

La kwanza ni tarehe. Wananchi waombe mikutano minne ya mwaka ipangiwe tarehe mapema, isiangukie siku ya gulio, na ajenda ya mapato na matumizi iwe ya mwanzo baada ya kusoma muhtasari wa mkutano uliopita.

La pili ni karatasi ukutani. Taarifa ya fedha ibandikwe kwenye mbao za matangazo siku kadhaa kabla ya mkutano. Ionyeshe kila chanzo na kila matumizi, si jumla peke yake. Mtu akiisoma nyumbani kwa utulivu huja mkutanoni na swali zuri.

La tatu ni vitabu. Kamati ya fedha ieleze ni vitabu vingapi vya stakabadhi vilipokelewa, vingapi vimekwisha na vipo wapi. Salio lililosomwa lilinganishwe na taarifa ya benki ya siku hiyo.

La nne ni ardhi. Kila mkutano wa kawaida uelezwe ni maeneo gani yameombwa, nani ameomba na halmashauri ya kijiji inapendekeza nini. Sheria ya mwaka 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji kutoa taarifa ya usimamizi wa ardhi katika mkutano mkuu, kwa hiyo anayeuliza haombi hisani.

La tano ni maslahi. Kabla ya kugawa vibanda, zabuni au mashamba, kila mjumbe aseme kama anahusika yeye au ndugu yake, na anayehusika apishe kikao.

Majibu yasipopatikana, ngazi zipo. Malalamiko huweza kupelekwa kwa diwani na ofisa mtendaji wa kata, kisha kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya, ambaye ndiye msimamizi wa watendaji, na kwa mkuu wa wilaya. Penye harufu ya rushwa ipo TAKUKURU, inayofanya kazi chini ya sheria Na. 11 ya mwaka 2007 na kupokea taarifa bila malipo kwa simu namba 113. Malalamiko yaliyoandikwa na kusainiwa na wengi, yakiwa na nakala za stakabadhi, husikilizwa haraka kuliko minong'ono.

Ngazi hizo ni za kutumia pale njia ya kwanza iliposhindikana, na njia ya kwanza ni mkutano. Mkulima anayekwenda gulioni siku ya mkutano kwa sababu hana muda huamuliwa mambo yake na wachache waliopata muda, na wachache hao huenda ndio wenye maslahi.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la kijiji lipo ofisini kwa mtendaji. Miezi mitatu ijayo litafunguliwa mbele ya watu, au litabaki kabatini kwa sababu hakuna aliyekuja kuuliza.